Jina Lililofutwa Kwenye Daftari la Sikio Moja

JUMUIYA YA WASIKILIZAJI "SIKIO MOJA"
MIKELENGE, KINDU

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI, JUMAPILI TAREHE 13 OKTOBA 2024

Mahali: Barazani, kisha ukumbini mwa nyumba ya Jumuiya
Saa ya kuanza: Saa tisa alasiri (kikao kiliitishwa saa nane)

WALIOHUDHURIA
1. Papa Zuberi – Mwenyekiti
2. Papa Florentin – Mtunza mashine
3. Ramla binti Ayoubu – Katibu
4. Mike – Mjumbe, upande wa vijana
5. Bénie – Mjumbe, upande wa vijana
6. Ayoubu – Mjumbe (tazama KUMB. NA. 5/2024)

MWALIKWA
Mama Hawa, mke wa mjumbe namba 6

WASIOHUDHURIA KWA TAARIFA
Blanchard (amefuata mchele Kibombo)

WASIOHUDHURIA BILA TAARIFA
Nathalie (inasemekana yuko Punia, hii ni mara ya tatu inasemekana)

KUMB. NA. 1/2024: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliita majina barazani, kama ilivyo desturi tangu mwaka 2003. Kila aliyeitwa alijibu "Niko."

Kwa faida ya wasiojua, Katibu anakumbusha Kanuni ya Tatu iliyowekwa na waasisi mwaka 1974. Aliyejibu "Niko" mwanzoni mwa kikao lazima aitwe tena mwishoni, naye ajibu "Naenda." Mwenyekiti hatoki mpaka wajumbe wote wameruhusiwa hivyo. Vijana waliwahi kuomba kanuni hii ifutwe kwa sababu inawachelewesha. Haikufutwa.

Bénie aliuliza kwa nini majina huitwa nje wakati kikao hufanyika ndani. Mwenyekiti alieleza kwamba ni kwa ajili ya hewa. Papa Florentin alitazama miguu yake.

Mike aliomba kurekodi kikao kwa simu ili baadaye watu wasibishane nani alisema nini. Katibu aliuliza kama kalamu yake imeacha kuaminika. Ombi lilikubaliwa.

KUMB. NA. 2/2024: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Zilisomwa na kuthibitishwa baada ya sahihisho moja. Papa Florentin alitaka neno "redio" liondolewe kila mahali na kuwekwa "mashine." Alisema redio ni kitu cha kusikiliza bei ya mihogo.

KUMB. NA. 3/2024: HOJA YA VIJANA KUHUSU MASHINE

Mike, ambaye ni fundi wa simu sokoni, aliwasilisha hoja. Alieleza kwamba yuko mtu wa Goma anayekusanya mashine za muziki za zamani. Mtu huyo yuko tayari kuichukua mashine ya Jumuiya, yaani amplifaya yake ya taa, sahani yake ya kuzungushia santuri na mabafle yake mawili, yaani spika, yenye urefu wa kabati. Badala yake ataleta mabafle mapya yanayocheza kutoka kwenye simu, pamoja na paneli za jua. Gari lake linaondoka Jumanne, kwa hiyo jibu linatakiwa leo.

Bénie aliunga mkono. Alisema vifaa vipya vingetumika kwenye harusi na sherehe za mtaa, wakati mashine ya sasa haijatoka nje ya mlango tangu yeye azaliwe. Mike aliongeza kwamba siku hizi muziki unatembea na mtu. Yeye huusikiliza akiwa kazini, akiwa kwenye pikipiki, hata akikaanga ndizi. Alitoa kwenye mfuko wake kisanduku cha ukubwa wa mkate, akakichezesha, na kuku wa jirani walikimbia.

Papa Florentin alisema kisanduku hicho hakiimbi, kinagomba. Alieleza kwamba mwaka 1974 waasisi waliinunua mashine kwa Mzungu mmoja mfanyabiashara aliyekuwa akifunga virago, na waliifikisha nyumbani kwa mkokoteni wakitembea kama watu waliobeba mayai. Tangu hapo kila Jumapili walikaa, kila mtu kwenye kiti chake, wakasikiliza pande zote mbili za santuri bila kusema neno. Mwenye kikohozi alingoja nafasi kati ya wimbo na wimbo. Alisema kwenye mashine unasikia kidole cha mpiga gitaa kikihama kwenye waya, na kiti cha mpiga ngoma kikilia. Akauliza kama simu inampa mtu hayo. Mike alisema simu inasikia yote ambayo mashine inasema, na zaidi.

Hapo Bénie alisema maneno ambayo Katibu anayaweka kama yalivyotoka: "Papa, na sisi tunapenda muziki. Lakini humu munakaa sawa vile watu wa kwa kilio."

Katibu anakiri kwamba kwa miaka mingi amefikiri vivyo hivyo.

Mike alitoa pia taarifa ya ufundi. Alhamisi aliijaribu mashine ili aweze kumhakikishia yule mtu wa Goma kwamba ni nzima. Ni nzima. Ila bafle la kushoto, hata kama hakuna santuri, linatoa mvumo unaopanda na kukatika, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema. Bafle la kulia halifanyi hivyo. Mike alidhani ni unyevu.

Papa Florentin alisema si unyevu. Bafle la kulia alilitengeneza yeye baada ya vita, kwa mbao za behewa, kwa sababu lile la asili askari walilichoma wakapikia. La kushoto ndilo la zamani, nalo limekuwa likivuta pumzi hivyo tangu lilipotoka ardhini.

Bénie aliuliza lilikuwa likifanya nini ardhini. Mwenyekiti aliagiza twende kwenye ajenda inayofuata, ambayo kwa bahati mbaya yake ilikuwa ndiyo jibu.

KUMB. NA. 4/2024: BARUA YA MAMA HAWA

Katibu alisoma barua ya Mama Hawa, ambaye ni mama yake mzazi. Mwenyekiti aliuliza kama hilo halina mgongano. Katibu alisema lina mgongano tangu mwaka 2002, na akaendelea kusoma.

Barua ilisema hivi kwa kifupi. Mama Hawa ana umri wa miaka sabini na mmoja, na daktari amemwambia moyo wake umechoka. Mume wake Ayoubu alipotea wakati wa vita. Masheikh walimruhusu zamani kukaa eda na kumaliza, lakini yeye alikataa, kwa sababu Ayoubu alijibu "Niko" katika kikao cha Sikio Moja na hadi leo hakuna aliyempa ruhusa ya kuondoka. Anaomba jina lake liitwe mbele ya mashine ileile, kabla haijaondoka, ili aruhusiwe. Kisha yeye atakaa eda yake miezi minne na siku kumi, kama mjane mwingine yeyote. Aliandika: "Sitaki kufa bila kujua kama ni bibi ya mutu ao ni mujane."

Mama Hawa aliruhusiwa kuingia barazani. Hajawahi kuwa mjumbe, maana wake za waasisi walisikiliza kupitia ukutani, wakiwa jikoni.

Kwa kuwa vijana hawakuwa wakiijua habari, Mwenyekiti alieleza. Jumapili moja ya Septemba 2002, mji ulipokuwa umezungukwa na wapiganaji, na njia za mashambani zimefungwa, wajumbe walikutana kama kawaida. Majina yaliitwa, Ayoubu akajibu. Upande wa pili wa santuri ulikuwa haujaanza risasi ziliposikika karibu, na watu wakatoka kwa mlango wa nyuma bila kuitwa. Wote walirudi katika vikao vya baadaye na wakaruhusiwa kwa utaratibu. Ayoubu peke yake hakurudi.

Siku tatu baada ya kikao hicho, askari walianza kupita nyumba kwa nyumba wakichukua vitanda, mabati na kila chenye waya. Kamati iliamua kuificha mashine makaburini. Papa Florentin alitengeneza sanduku la maiti. Amplifaya, sahani ya santuri na bafle la kushoto viliingia. La kulia halikuingia. Watu walilia kwa sauti njiani, na wengine, alisema Mwenyekiti, walilia kweli, kwa maana kila nyumba ilikuwa na sababu yake. Kwenye kizuizi askari waliuliza nani amekufa. Wakaambiwa Ayoubu. Ubao wenye jina lake ulisimamishwa kaburini, na kwenye daftari jina lake lilifutwa kwa mstari na kuandikwa "marehemu," ili vitabu visigombane na kaburi. Ayoubu mwenyewe, mzima, alifichwa nyuma ya jiko la nyumba yake.

Mwenyekiti alisema, kama alivyosema miaka yote, kwamba Ayoubu alilitoa jina lake kwa moyo mweupe.

Papa Florentin alisema ameisikia hadithi hiyo miaka ishirini na miwili na leo imemkaa kooni. Alieleza kwamba Kamati ilikuwa imekubaliana jina la kubuni, Placide, la Kikristo, kwa sababu kulikuwa na sanduku. Waislamu hawaziki kwa sanduku. Kila mtu Kindu anajua hilo, na hata kama askari wengi walitoka mbali, mmoja wao alikuwa Mwislamu.

Mama Hawa alisimama. Alisema: "Zuberi, nauliza mara moja tu. Ni yeye alitoa jina yake, ao ni wewe?"

Mike alijaribu kusema jambo, Bénie akamshika mkono.

Mwenyekiti alisema: "Ni mimi. Askari aliuliza, nani huyu. Ile jina ya Placide ikanitoka kichwani. Ya Ayoubu ndo ilikuwa mudomoni, juu ya ile chai tulikunywa pamoja asubui."

Ilielezwa kwamba siku ya nne baada ya mazishi yule askari alifika na wenzake nyumbani kwa Ayoubu. Walitaka kumwona marehemu wa Kiislamu aliyezikwa ndani ya sanduku. Walimkuta anamenya mihogo. Walimchukua kuelekea upande wa mto. Mama Hawa aliwafuata mpaka kwenye kona, ambako alirudishwa kwa kitako cha bunduki. Katibu alikuwepo, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na hahitaji kuelezwa.

Mama Hawa alisema: "Miaka yote hii ninapita kwa kaburi iko na jina ya bwana yangu, na ndani hamuna mutu. Muliitoa mashine yenu, mukafukia shimo, jina mukaiacha." Kisha alisema ombi lake ni lilelile. Ajibu, asijibu, aitwe na apewe ruhusa.

Mwenyekiti alikataa. Aliulizwa sababu. Alisema mwaka 2003, mashine ilipochimbuliwa baada ya miezi kumi na minne na kuwashwa, yeye na Papa Florentin waliita majina ukumbini kama zamani. Walipofika mahali pa jina lililofutwa waliliruka, na bafle la kushoto likavuta pumzi. Tangu siku hiyo majina huitwa nje. Alisema haogopi kwamba Ayoubu hatajibu.

Bénie alisema si sababu ya kutosha kumnyima mama mzee eda yake. Papa Florentin aliunga mkono, na hii ni mara ya kwanza katika kumbukumbu za Jumuiya kwamba wawili hao wamekubaliana.

Iliamuliwa jina liitwe.

KUMB. NA. 5/2024: KUITWA KWA MJUMBE AYOUBU

Wajumbe waliingia ukumbini saa kumi na robo. Kila mmoja alikaa kwenye kiti chake. Kiti cha Ayoubu kiko cha tatu kutoka mlangoni, na hakijakaliwa na mtu. Mama Hawa aliletewa stuli.

Mike aliwasha jenereta uani, kisha mashine. Taa za amplifaya zilingojwa zipate moto. Hakuna santuri iliyowekwa. Simu ya Mike iliwekwa juu ya meza, inarekodi.

Mwenyekiti alifungua daftari la mwaka 2002 na kusoma jina kwa sauti. Bafle la kushoto lilivuta pumzi. Hakuna zaidi.

Alisoma mara ya pili. Jenereta ilikohoa na kuzima kwa kuishiwa mafuta. Taa za amplifaya zilififia zikawa nyekundu, kisha zikawa kioo tu. Mike alisimama kwenda uani. Mwenyekiti alimwambia akae. Palikuwa kimya kiasi cha kusikia mtu akipepeta mchele nyumba ya tatu.

Mwenyekiti alisoma mara ya tatu. Kutoka bafle la kushoto kilisikika kikohozi kifupi, kile anachotoa mtu aliyengoja nafasi yake, kisha sauti ya mwanamume ikasema: "Niko."

Ilikuwa sauti ya mtu aliyekaa. Haikutoka mbali, wala haikuwa na huzuni. Baba yangu alikuwa na desturi ya kukohoa kidogo kabla ya kujibu, na mama alikuwa akimgombeza kwa hilo.

Katibu aliomba isiandikwe kwamba alilia. Mwenyekiti aliamua iandikwe.

Mike alieleza kwamba mashine za taa hubaki na umeme kidogo ndani hata moto ukikatika, na kwamba bafle linaweza kutoa mlio. Papa Florentin alimuuliza kama umeme kidogo unajua Kiswahili. Ili kumaliza ubishi, Mike alichukua simu na kurudisha nyuma alichorekodi. Simu ilitoa sauti ya Mwenyekiti akisoma jina mara tatu, jenereta ikizima, hata mchele ukipepetwa. Baada ya jina la tatu kulikuwa na ukimya, kisha kilio cha Katibu. Kati ya hivyo viwili hakuna kitu.

Mwenyekiti aliuliza mmoja mmoja nani amesikia. Papa Florentin alisikia. Bénie alisikia. Katibu alisikia. Mama Hawa alisema hilo si swali. Mike aliitazama simu, akaichezesha tena akiwa ameiweka sikioni, kisha akasema naye alisikia.

Katibu aliuliza mjumbe Ayoubu aandikwe wapi, kwa waliohudhuria au kwa marehemu. Mama Hawa alisema: "Andika vile amesema."

Jina lilirudishwa kwenye daftari kwa mkono uleule uliolifuta, yaani wa Mwenyekiti.

KUMB. NA. 6/2024: UAMUZI KUHUSU HOJA YA VIJANA

Katibu aliona ni haki kusema kwamba alikuwa amekuja na nia ya kupiga kura upande wa vijana na kuiona mashine ikipanda gari.

Mike aliondoa hoja yake kabla ya kura. Alisema: "Simu inashika ile inapita. Hii mashine sijui inashika nini. Mie siigusi tena." Aliombwa angalau aizime kwa swichi. Alikataa kwa adabu. Bénie alisema atampigia mtu wa Goma na kumwambia mashine ina mwenyewe.

KUMB. NA. 7/2024: KUFUNGA KIKAO

Adhana ya magharibi ilipokaribia, Mwenyekiti aliita majina kwa ajili ya ruhusa, safari hii ndani, mbele ya mashine. Mike alijibu "Naenda," akatoka bila kuchukua kisanduku chake. Bénie alijibu, akatoka. Papa Florentin alijibu na kugusa kiti cha tatu alipopita. Katibu alijibu, lakini alisimama mlangoni.

Mwenyekiti aliita: "Ayoubu." Mama Hawa alikuwa ameshakunja kanga nyeupe ya eda mapajani. Aliileta kutoka nyumbani ndani ya mfuko.

Bafle la kushoto lilivuta pumzi. Halikusema.

Mwenyekiti aliita mara ya pili na ya tatu. Aliomba msamaha, kwa jina lake na kwa jina la Kamati, akaeleza tena habari ya Placide na ya chai ya asubuhi. Aliita tena. Mjumbe Ayoubu hakujibu "Naenda."

Katibu alimkumbusha Mwenyekiti Kanuni ya Tatu. Mwenyekiti alisema anaijua, aliiandika yeye. Alivua viatu, akaomba maji na mkeka wa kuswalia, akarudi kwenye kiti chake.

Mama Hawa aliirudisha kanga nyeupe kwenye mfuko. Alisogeza stuli yake mpaka karibu na bafle la kushoto. Katibu alimwambia twende nyumbani, mama. Alisema: "Nenda, Ramla. Weye wamekuruhusu. Mie siku zote nilisikilizia kwa ukuta."

Katibu alifunga mlango. Kumbukumbu hizi zimeandikwa barazani.

NYONGEZA: Jumatatu tarehe 14 Oktoba, saa moja asubuhi, Katibu alirudi. Jenereta ilikuwa baridi na haijatiwa mafuta. Mwenyekiti aliagiza chai kupitia dirishani. Katibu aliuliza vikombe vingapi. Alisema vitatu.

Saa ya kufunga: ..............................

Mwenyekiti: (bado yuko ndani)

Katibu: Ramla binti Ayoubu